Si Aibu Kuvaa Mtumba



Kila mwaka, kati ya Januari na Aprili, inafanyika katika vijiji vya Lindi biashara isiyo na mnada wala stakabadhi. Ufuta bado ni mche mbichi shambani, na ghalani kumebaki vumbi. Mnunuzi hupita kimyakimya, huacha fedha kidogo, kisha hungoja mavuno aje kuchukua magunia yake. Sote twaijua biashara hiyo kwa jina lake: kangomba. Serikali inaikataza, vyama vya msingi vinaikemea, na bado inaendelea, kwa sababu njaa haisomi matangazo.

Anayeuza hivyo ili apate dawa ya mgonjwa au unga wa watoto, hatuna neno la kumlaumu. Lawama yote ni ya yule anayemnyonya. Lakini iko fedha ya kangomba isiyokwenda kwa mgonjwa wala chunguni. Inakwenda kwenye gauni jeupe la Komunio ya Kwanza, viatu vipya vya Kipaimara, doti la kitenge cha sare ya arusi au ya sherehe ya jumuiya. Kuhusu fedha hiyo hatuna budi kusema, tena kwa sauti, maana anayeisababisha mara nyingi si mnunuzi peke yake. Ni sisi sote tunaotazamana mavazi.

Twasema wazi: si aibu kuvaa mtumba. Aibu ni jamii inayomfanya maskini aone haya kuvaa alichonacho, hata auze jasho la msimu mzima kwa nguo ya siku moja.

Nguo na heshima katika pwani yetu

Tusianze kwa kuwadharau wanaopenda kuvaa vizuri. Katika pwani hii nguo haijawahi kuwa jambo dogo. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta Kilwa Kisiwani vigurudumu vya udongo vilivyotumika kusokotea nyuzi: mababu walijua kujivika kwa mikono yao wenyewe. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Kilwa Kivinje kwenda bara ilibeba merikani, kitambaa kilichopewa jina la nchi kilikotoka, na kaniki ikawa vazi la mtumwa na la fukara. Ndiyo maana hali ya utumwa ilipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa walijifunga kanga za rangi. Hawakuwa wakijionyesha. Walikuwa wakitangaza kwamba nao ni watu.

Na tusisahau Nandete, katika Umatumbi. Mwezi Julai 1905 wananchi waling'oa pamba katika shamba walilolazimishwa kulilima, na vita vya Majimaji vikaanza. Walichoka kulima pamba ya kuwavika wengine huku wao wakipata ujira usiotosha hata kujisitiri.

Kwa hiyo tamaa ya kuonekana nadhifu ni haki ya mwanadamu. Tunachokataa ni kuupima utu wa mtu kwa upya wa nguo yake. Mtume Yakobo aliikemea tabia hiyo katika sura ya pili ya barua yake: mwenye pete na mavazi ya kung'aa akaribishwe kiti kizuri, na mwenye nguo chakavu aambiwe asimame kule. Tujiulize nani hukaa benchi la mbele siku ya sherehe katika vigango vyetu, na nani hubaki mlangoni, chini ya mwembe, kwa sababu hana sare.

Hesabu ya gauni moja

Tuchukue mfano. Mzazi apokea shilingi 60,000 mwezi Machi na kuahidi kilo 50 za ufuta. Anamnunulia binti yake gauni, viatu na shela. Mnada unapofunguliwa baada ya mavuno, tuseme bei ni shilingi 3,000 kwa kilo. Ufuta ule sasa ni shilingi 150,000. Hata makato yote yakitolewa, mzazi amepoteza fedha nyingi kuliko alizopokea. Gauni lile halikumgharimu shilingi 60,000. Lilimgharimu ufuta wote ule, nalo limevaliwa siku moja.

Angalieni pia kalenda. Pasaka haiwezi kuja kabla ya tarehe 22 Machi wala baada ya 25 Aprili. Maana yake ni kwamba kila mwaka huangukia miezi ya njaa, kabla fedha ya ufuta haijaingia. Tukiongeza mashindano ya mavazi juu ya miezi hiyo, tunampeleka mkulima kwa mnunuzi wa kangomba kwa mkono wetu. Nayo Krismasi huja wakati fedha ya korosho ingali mkononi, na wiki mbili baadaye shule zinafunguliwa. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, lakini madaftari, viatu na sare za shule bado vinanunuliwa na mzazi. Fedha iliyobaki dukani mwezi Desemba haiwezi kuitwa irudi mwezi Januari.

Wazee walisema: nguo ya kuazima haisitiri maungo. Na nguo ya kangomba ni zaidi ya kuazima, kwani inamvua mwenye kuivaa. Sheria ya Musa ilimwamuru aliyeweka rehani joho la maskini alirudishe kabla jua halijatua, maana ndilo pekee la kujifunikia (Kutoka 22:26-27). Mnunuzi wa kangomba hairudishi rehani yake. Basi tusiwe sisi tunaompelekea wateja.

Faida ya mtumba

Tangu uingizaji wa bidhaa ulipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, baada ya miaka ya foleni na maduka matupu, mitumba imewavika Watanzania wengi. Waliokuwa watu wazima siku zile wanakumbuka mtu kuwa na shati moja, la shamba na la kanisani. Mitumba pia imewapa vijana wetu kazi. Jina la Wamachinga, watu wa mkoa huu wa Lindi, limekuwa jina la wachuuzi wadogo wa nchi nzima, na wengi wao walianza na nguo chache begani katika mitaa ya Dar es Salaam.

Anayefika gulioni asubuhi belo linapofunguliwa, akageuza nguo ndani nje, akakagua mishono, kwapa na zipu, hurudi nyumbani na shati la pamba lenye miaka mingi mbele yake. Mara nyingi jipya la bei hiyohiyo huanza kuchuja kabla ya mwezi kwisha. Gauni likiwa pana, fundi cherehani wa kijijini hulipunguza na kupata riziki yake. Likimbana dada, humfaa mdogo wake. Likichakaa kabisa, huwa tambara la kupigia deki. Huko ndiko kutumia kitu hadi mwisho, kama bibi zetu walivyofanya kwa kanga: vazi, mbeleko, kisha nepi.

Iko sababu nyingine. Inakadiriwa kwamba pamba ya fulana moja huhitaji takriban lita 2,700 za maji hadi kuvunwa na kutengenezwa. Sisi tunaoishi karibu na Ziwa Rutamba, na akina mama wanaobeba ndoo kichwani, tunajua lita moja ina uzito gani. Tena tusisahau tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza lilipoporomoka nchini Bangladesh na kuua zaidi ya watu 1,100, wengi wao washona nguo za bei rahisi. Upya wa nguo haumaanishi kwamba imetoka katika mikono iliyotendewa haki.

Lakini tusiipambe mitumba kupita kiasi. Mchuuzi hununua belo lililofungwa bila kujua kilichomo, na mara nyingine hukuta matambara. Hasara ni yake, si ya aliyelifunga ng'ambo. Nguo za ndani za mitumba zimepigwa marufuku na Shirika la Viwango, na ni haki zikatazwe. Kinachobaki kifuliwe vizuri, kianikwe juani na kupigwa pasi kabla hakijagusa ngozi ya mtoto. Na anayenunua mitumba kumi asiyoihitaji kwa sababu ni rahisi, hajaishi kwa kiasi. Amebadilisha duka tu.

Kwa wanaosema mtumba umeua viwanda

Wako wasomi wanaotuambia kwamba mama anayenunua mtumba ni msaliti wa taifa. Hoja yao ina ukweli ndani yake. Kiwanda cha Urafiki, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, kilivika taifa, na leo sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania husafirishwa ikiwa haijafumwa. Hilo ni jeraha, nasi hatulifichi.

Lakini viwanda vyetu vilianza kuugua kabla belo la kwanza halijafika gulioni Rutamba. Vilikosa umeme wa uhakika, vipuri, fedha za kigeni na uongozi bora. Kisha vikashindana na vitambaa vipya vya bei ya chini kutoka Asia. Na tazameni yaliyotokea hivi karibuni. Mwezi Machi 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliafikiana kuondoa mitumba hatua kwa hatua hadi 2019. Mwaka uliofuata wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani walilalamika kwa serikali yao, nayo ikatishia kuziondolea nchi zetu nafasi ya kuuza huko bila ushuru. Kenya ilirudi nyuma kwanza, kisha Tanzania na Uganda. Rwanda ilishikilia msimamo, na Julai 2018 ikapoteza nafasi hiyo kwa upande wa mavazi.

Je, mama wa Rutamba alikuwapo katika vikao hivyo? Aliulizwa lini? Wenye nguvu wamekubaliana na wenye nguvu, kisha lawama inashushwa hadi kwa mwenye shilingi elfu tatu kwenye pindo la kanga. Tena wengi wa wanaomlaumu huvaa suti mpya zilizoshonwa nje ya nchi. Suti hiyo nayo haikumpa kazi mfumaji wa Tanzania. Atakayetaka tuvae nguo zetu, na afufue viwanda, amlipe vizuri mkulima wa pamba wa Simiyu na Shinyanga, auze kitambaa kwa bei ambayo mkulima wa korosho anaimudu. Siku hiyo tutakuwa wa kwanza kununua.

Shukrani si kunyamaza

Kuna wengine wenye hatari zaidi, wanaoligeuza fundisho hili kuwa kamba ya kuwafunga maskini. Husema: ridhika, shukuru kwa ulichonacho, usidai. Hilo si fundisho letu. Shukrani ya kweli humfanya mtu atunze alichonacho. Anayeshona kifungo kilichokatika badala ya kutupa shati anamshukuru aliyelima pamba, aliyeifuma, aliyeishona na Mungu aliyewapa nguvu. Lakini mtu huyohuyo, anayejua thamani ya kitu, ndiye anayejua amepunjwa lini. Hakubali mizani iliyochezewa wala malipo yanayocheleweshwa. Mwaka 2018 Serikali ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wakulima wengi walingoja malipo kwa miezi. Kuwaambia washukuru na kungoja kimya kungekuwa dhihaka.

Maisha ya kiasi ni silaha ya mnyonge. Nyumba isiyodaiwa nguo ina uwezo wa kukataa bei ya usiku na kungoja mnada. Nyumba kumi za namna hiyo katika jumuiya moja zinaweza kuulizana hesabu za chama chao cha msingi bila hofu, kwa sababu hakuna aliyekwisha kujiuza. Ndugu zetu Waislamu, tunaoishi nao mlango kwa mlango, wana mzigo huohuo Idi inapokaribia. Tuzungumze nao, kwani kangomba haiulizi dini.

Tunapendekeza

Kwanza, pasiwepo sare ya lazima katika sherehe yoyote ya kigango au jumuiya. Nguo safi inatosha, na atakayemcheka mwenzake aonywe na kiongozi.

Pili, kila kigango kiwe na sanduku la mavazi meupe ya Komunio ya Kwanza na Kipaimara, yatakayovaliwa na watoto wote, wa tajiri na wa maskini. Hayatakuwa nguo za kuazima, maana ni mali ya wote.

Tatu, mwenye nguo mbili ampe asiye nayo (Luka 3:11), akiitoa ingali imara. Wakimbizi wa Msumbiji walipokewa Rutamba katika miaka ya 1960. Ukarimu si jambo geni hapa.

Nne, jumuiya zianzishe akiba ya miezi ya njaa, ili mwenye mgonjwa akope kwa jirani zake asikimbilie kangomba.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Mwaka huu, nani katika jumuiya yetu hakuja sherehe kwa kukosa nguo? Tulimfuata?
2. Ni gharama zipi za sherehe zetu zinazoweza kufutwa leo bila kupunguza furaha?
3. Tukikutana na uongozi wa chama cha msingi, tutauliza nini kuhusu mizani, makato na malipo?