Sebule Ing'aayo na Chumba cha Nyuma



Barua iliyotushughulisha safari hii imetoka Bungoma. Aliyeiandika ni binti wa Pwani aliyeolewa huko, naye ametuandikia kwa idhini ya mumewe, ila ametuomba tusiyataje majina yao. Mume amejaaliwa fedha kidogo za kutia sakafu nyumba yao, ambayo mpaka leo ni udongo mtupu, chumba hadi chumba. Alipokwenda Kitale aliingia katika duka la ndugu yake, akakuta sakafu ya zege iliyosagwa kwa mashine hata mtu akiinama auona uso wake, na tangu siku hiyo hana mazungumzo mengine. Fundi amempigia hesabu: fedha alizo nazo zatosha kuipa sebule peke yake mng'aro ule, au kuitia nyumba nzima saruji ya kawaida. Mume amechagua sebule. Jiko, chumba cha watoto na chumba alalacho mama mkwe vitangoja Mungu atakapojaalia tena. Dada yetu auliza mambo mawili. Je, hii si israfu? Na je, swala yake yaswihi juu ya sakafu iliyosiribwa kwa samadi ya ng'ombe?

Ilisadifu tulikuwa na safari ya nikahi upande huo, tukaona ni aula kuiona sakafu kwanza kabla ya kuitolea fatwa.

Tulianzia Kitale. Mji ule uko juu, kiasi cha mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake ya asubuhi si ya kufanyiwa mzaha na mtu wa Pwani. Ni mji wa mahindi. Wakulima huingia dukani na mabuti yaliyojaa tope jekundu, na mwenye duka alituambia kwamba zamani, sakafu yake ilipokuwa ya saruji mbichi, tope lile liliingia katika vitundu vya saruji lisitoke tena. Sasa msaidizi wake apitisha kitambaa kibichi mara mbili kwa siku, basi.

Tulimwuliza siri ya mng'aro ule, maana wengi hudhani ni rangi au nta iliyopakwa juu. La. Zege lenyewe, yaani saruji, mchanga na kokoto, husagwa kwa mashine yenye meno ya almasi. Huanzwa kwa meno makavu, kisha laini, kisha laini zaidi, hata kokoto zenyewe zikaonekana kama madoa ya kanga wa porini. Katikati ya kazi humwagwa dawa ya maji inayoingia ndani ya zege na kuyakaza matundu yake, na mwisho hupakwa dawa ya kuzuia madoa. Kusaga huku kukifanywa pakavu hutoa vumbi jembamba mno linaloharibu mapafu. Fundi mwenye kujua husaga kwa maji au hufunga mashine ya kufyonza vumbi. Mwenye nyumba akimwona kijana wa watu amefunikwa na wingu jeupe, hana hata kitambaa puani, asinyamaze.

Mwenye duka alikuwa na machungu yake pia. Fundi wa kwanza alimwaga zege, akaliacha juani bila kulinywesha, akaondoka na fedha zake siku ya pili. Baada ya mwezi sakafu ikawa yatoa unga kila ifagiwapo. Ilibidi avunje upande mmoja na kuanza upya. Saruji haikauki tu kama nguo kambani. Hukaza kwa kunywa maji. Yataka ifunikwe kwa magunia na kuloweshwa kwa siku 7 kwa uchache, na nguvu yake hupimwa siku ya 28. Kabla ya hapo hakuna cha kusaga.

Nasi watu wa Pwani tusijione wageni wa jambo hili. Neno lenyewe sakafu limetoka katika Kiarabu, nako maana yake ni dari au paa, kwa kuwa katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja dari ya wa chini ndiyo sakafu ya wa juu. Wazee wetu walipanga boriti, wakaweka mawe, wakamwaga chokaa na kokoto, kisha watu wakaipiga kwa vijiti siku kwa siku, hata ikashikana. Kazi ilikuwa ya mikono mingi na nyimbo, wala hapakuwa na almasi.

Kutoka Kitale tuliteremka mpaka Bungoma. Tulipokewa vizuri, Mwenyezi Mungu awazidishie. Mama mkwe, bibi mwenye umri na fimbo yake, alikuwa amemaliza kusiriba chumba chake kwa udongo na samadi, kazi ambayo wanawake wa huko huifanya kwa ustadi wa kurithi. Ilipendeza machoni, nasi hatuandiki haya kwa kumdharau mtu. Samadi hulaza vumbi. Lakini mjukuu wake wa miaka mitano alikuwa akichechemea, na tulipouliza tukaonyeshwa vidole vya mguu: funza. Mdudu yule hukulia katika vumbi la sakafu ya udongo, na yule jike ndiye aingiaye nyayoni. Hutolewa leo, kesho huingia mwingine, maana kitalu chake ki pale pale mtoto anapolala.

Si jambo la nyumba ile pekee. Watafiti wa taasisi ya KEMRI na wenzao wa London wameuchukua mtihani huu katika kaunti mbili, Kwale kwetu na Bungoma kwao: nyumba za udongo zilitiwa sakafu ya saruji inayooshekeka, kisha wakapimwa watu wake minyoo, funza na maradhi ya tumbo. Na huko Mexico, katika jimbo la Coahuila, serikali ilizipa familia maskini saruji ya kutosha hadi mita 50 za mraba. Waliofuatilia walikuta watoto wamepungukiwa na vijidudu vya tumbo, kuhara na upungufu wa damu, na mama zao wamekuwa na furaha zaidi. Hakuna aliyewasagia kwa almasi. Ilikuwa saruji tu, ila ilifika mpaka chumba alalacho mtoto.

Sasa tulijibu swali la swala. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, samadi ni najisi hata ikiwa ya mnyama anayeliwa. Maimamu Malik na Ahmad waliiona tohara kwa mnyama anayeliwa, kwa hivyo asitokee mtu akawabeza majirani. Dada yetu akitandika mkeka au mswala tohara juu ya sakafu ile kavu, na nguo yake isiiguse, swala yake yaswihi, ingawa yachukiza kuswali mahali hapo akipata pengine. Tatizo ni pale atokapo kutawadha na miguu mibichi akaikanyaga. Hapo yampasa aoshe tena. Tuliposikia kwamba hufanya hivyo mara tano kwa siku, na maji huchotwa mbali, tulielewa kwa nini aliandika barua.

Sakafu ya saruji yamwondolea mzigo huo. Mtoto akikojoa, huondolewa ile rutuba yake kwa kitambaa, kisha humwagiwa maji yakaenea mahali pale, imekwisha. Mafunzo haya tumeyasoma sote chuoni katika kisa cha bedui aliyekojoa msikitini, Mtume swalla Llahu alayhi wasallam akaamrisha ndoo ya maji imwagwe.

Ama israfu, hatukumwita mume mfujaji. Kuipamba nyumba kwa mali ya halali si haramu, na duka la Kitale lina haja na sakafu ile kwa tope la wateja. Tulimwambia tu kwamba wageni hukaa sebuleni saa moja wakaenda zao, na mamake hulala chumba cha nyuma usiku kucha.

Fundi mmoja mtu mzima, aliyekuwa kimya muda wote, ndiye aliyetupa njia ambayo sisi hatukuijua. Alisema zege zuri likimwagwa leo laweza kusagwa hata baada ya miaka kumi. Basi nyumba nzima imwagwe zege: udongo ushindiliwe, itandikwe karatasi ya nailoni kuzuia unyevu, kisha inchi 4 za zege. Vyumbani na jikoni ipigwe niru. Sebuleni zege lenyewe lilainishwe kwa mwiko wa chuma likiwa bado bichi, pasitiwe tabaka jingine jembamba juu, kwa sababu mashine italila lote. Fedha zikija, sebule itasagwa.

Tuliongeza mawili yetu. Mahali pa kutawadhia na mlangoni mwa choo pasilainishwe kabisa. Papitishwe ufagio zege likiwa bichi ili pawe na mikwaruzo, na painame kidogo kuelekea tundu la maji. Sakafu laini ikipata maji na sabuni humwangusha kijana, seuze bibi mwenye fimbo. La pili ni la jikoni kwenu, mabibi. Ndimu, siki na ukwaju huila saruji na kuuondoa mng'aro wake, na dawa kali za kusafishia choo ni mbaya zaidi. Kimwagikacho kifutwe papo hapo. Hina nayo ipakwe juu ya mkeka.

Na baridi? Kwetu Mombasa adhuhuri mtu hujilaza sakafuni akashukuru. Huko bara, bibi alituambia, saruji humwingia magotini. Tumeahidi kumpelekea mikeka miwili ya ukindu, mmoja wa kulalia na mmoja wa kuswalia.

Mume alisikiliza mpaka mwisho, hakusema neno. Tulipokuwa tukivaa viatu mlangoni tulimsikia akimwuliza fundi lori la kokoto lauzwaje siku hizi.

Wallahu a'alam.