Sura ya Kaisari si hati ya mali

Kuna Wakristu, tena wengine wenye masomo, wanaosema hivi: franka ni mali ya Serkali, maana alama yake iko juu yake, na Bwana Yezu mwenyewe ametuamuru kumpa Kaisari vilivyo vyake. Basi Serkali ikiiharibu, sisi ni nani hata tuulize?

Huko ni kuipotosha Evanjili. Na aliyewajibu vema hakuwa mwasi, bali padri wa Ufaransa, Nicole Oresme, mwalimu wa Paris, aliyekufa mwaka 1382 akiwa askofu wa Lisieux. Katika siku zake mfalme Jean II alihitaji fedha kwa vita na Waingereza. Mara nyingi aliamuru sarafu zipigwe upya: fedha safi ikapunguzwa, shaba ikazidishwa, jina likabaki lile lile. Faida ikaingia katika sanduku lake.

Oresme akaandika kitabu kwa Kilatini. Mfalme, asema, anapiga chapa kama shahidi wa uzito na usafi wa sarafu, kwa faida ya watu wote. Chapa haimfanyi mwenye mali. Mtu akitoa mkate wake au kazi ya mwili wake, sarafu anayopokea ni yake kama mkate ulivyokuwa wake. Na ile dinari ya Evanjili? Haikuwa ya Kaisari kwa sababu ya sura yake, bali kwa kuwa ilikuwa kodi, na kodi ni deni. Tena akasema neno kali: faida ya namna hii ni mbaya kuliko riba. Mla riba humkopesha anayetaka mwenyewe; mfalme huwatwalia wasiotaka.

(Mwaka 1360 Jean huyo huyo, alipotoka katika kifungo cha Waingereza, alipiga sarafu ya dhahabu iliyoitwa franka. Ndilo jina lililotufikia sisi kwa njia ya Wabelgiji.)

Watasema: Oresme alinena juu ya dhahabu na fedha, sisi tuna karatasi. Kweli. Lakini karatasi haina hata shaba ndani yake. Nguvu yake yote ni ahadi, na ahadi ikivunjwa hakuna kinachobaki. Mwaka 1993 zaire 3,000,000 zilibadilishwa kwa zaire mpya moja. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa franka moja. Fanyeni hesabu: zaire 300,000,000,000 za kwanza kwa franka moja! Mama aliyeuza mihogo na kuficha noti sandukuni alibaki na picha ya Rais Mobutu. Je, ile mihogo ilikuwa ya Rais?

Huko Kasai, mwaka 1993, watu walizikataa zaire mpya, wakaendelea na zile za zamani. Anayetaka kuwahukumu kwa neno la Kaisari, aonyeshe kwanza ni kodi gani waliyomnyima.