Manyoya ya kuku West Nile: Faida iko mikononi mwa fundi

ARUA, Uganda — Mfanyabiashara wa kuku anayevuka Vurra kwenda Aru, au Oraba kwenda Kaya, anajua bei ya jogoo, ya tenga na ya nauli. Manyoya hayamo katika hesabu yake. Nairobi yamo. Huko mafundi, wengi wao wanawake, huyafunga kwenye ndoana ndogo na kutengeneza nzi bandia, yaani chambo kinachomfanya samaki adhani ameona mdudu.

Kazi hiyo ilianzia kwenye starehe ya walowezi. Mwaka 1905 samaki wa trauti waliletwa kutoka Scotland na kupandikizwa katika mito ya milimani Kenya. Leo sehemu kubwa ya chambo kinachofungwa nchini humo huuzwa Ulaya na Marekani, na kampuni ya Uingereza ya Fulling Mill ina kiwanda chake huko.

Je, kazi hiyo inaweza kufika Arua na Koboko? Wengi watasema ni mbali mno. Kweli, kutoka Arua hadi Kampala ni karibu kilomita 500, na umbali huo ndio unaokula faida ya muhogo na samaki wakavu. Lakini chambo cha trauti hakifiki gramu moja, na maelfu huingia katika boksi moja la kubeba mkononi. Kwa bidhaa nyepesi hivi, nauli si kikwazo kikubwa. Vikwazo ni vitatu: ufundi, ndoana na mnunuzi.

Ufundi kwanza. Ndoana hubanwa kwenye jiliwa, uzi huzungushwa, mkia na mwili hujengwa, unyoya huviringishwa, kisha kichwa hufungwa na kupakwa vanishi. Chambo chenye miguu na mabawa kama mdudu halisi hupendeza, lakini hula muda mwingi. Mnunuzi wa jumla hununua kwa dazeni, na anataka cha mia kifanane na cha kwanza. Mkono hauzoei hivyo kwa semina ya siku mbili.

Wala si kila unyoya ni mali. Manyoya laini ya kuku wa kienyeji hufaa kwa chambo kinachozama. Kinachoelea huhitaji manyoya marefu na magumu ya majogoo waliozalishwa kwa kazi hiyo, kama wa Whiting Farms ya Colorado, Marekani. Kanga wa kufugwa ana manyoya mazuri. Wa porini analindwa na Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya 2019, na kumuuza bila kibali ni kosa. Nchi nyingi pia hudai cheti cha daktari wa mifugo kwa manyoya, kwa hofu ya mafua ya ndege.

Ndoana ni jambo la pili. Nyingi hutoka nje ya kanda, zikiwemo za Mustad ya Norway, iliyoanza kuzitengeneza mwaka 1877, na za Japani. Hapa wengi hujikwaa. Cheti rahisi cha uasili, kwa mzigo usiozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ndoana ya Norway haigeuki kuwa ya Jumuiya kwa sababu imenunuliwa Nairobi. Anayeivusha Busia au Malaba abebe karatasi za ushuru uliolipwa, la sivyo atalipa tena.

Kuhusu soko, Uganda iliondolewa katika mpango wa AGOA wa Marekani tarehe 1 Januari 2024, huku Kenya ikibaki. Ulaya hali ni tofauti: Uganda, kama nchi yenye maendeleo duni, huingiza bidhaa zake bila ushuru, na Kenya ina mkataba wake na Umoja wa Ulaya tangu Julai 2024. Kwa fundi wa Koboko, mlango wa Ulaya ni mpana kuliko wa Marekani.

Lakini lipo soko la karibu zaidi. Wavuvi wa burudani huja Murchison Falls, ng'ambo ya Pakwach, kumtafuta sangara, samaki anayeweza kupita kilo 100. Chambo chake ni kikubwa, huiga samaki mdogo, na kinaweza kufungwa kwa nywele ndefu za mbuzi kwenye ndoana imara. Hakihitaji jogoo wa Colorado. Dazeni chache zikipelekwa kwa waongoza wageni zitaonyesha kama kazi ya mkono wa West Nile inashika samaki au inafumuka majini.

Hatari iko kwenye kugeuza mpangilio huo. Kikundi cha akina mama kinachotoa akiba yake kununua makatoni ya ndoana kabla ya kumpata mnunuzi kitabaki na chuma kinachoota kutu, na mtaji wa kuku umekwenda. Kianze na sampuli, kitafute oda, ndipo kinunue ndoana. Manyoya hayatakosekana, kila siku ya soko yapo.