Siri ya Nyumbani na Ujasiri wa Kusema



Wasomaji wetu wapenzi, akina mama, akina baba na vijana wetu, juma hili tumerejea kutoka bara ya magharibi, katika kaunti za Homa Bay na Migori, ambako ndugu zetu walitualika tukae na watoto wao siku za likizo. Asubuhi tulikuwa na darsa la dini. Alasiri walimu wa madrasa walituomba tuwasomeshe kitabu cha hadithi, ili Kiswahili chao kipate kunyooka, kwani wengi wao nyumbani husema Kijaluo. Tukachagua Adili na Nduguze, kitabu cha marehemu Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1952. Hatukujua kwamba kingetufukulia kosa letu wenyewe la miaka mingi iliyopita.

Kwa wasiokisoma, kisa ni hiki kwa ufupi. Rai, mfalme wa Ughaibu, amtuma Ikibali kwenda Janibu kukusanya kodi. Huko liwali ni Adili, mtu mwema na mkarimu. Lakini usiku mgeni amwona mwenyeji wake akiwacharaza viboko manyani wawili, kisha akilia, akiwabembeleza na kuwalisha. Habari yamfikia mfalme, na Adili aitwa aeleze. Hapo ndipo siri inapofunuka: manyani wale ni nduguze wa damu, Hasidi na Mwivu. Aliwasaidia walipofilisika, nao kwa wivu wakamtosa baharini. Akaokolewa na Huria, jini aliyekuwa amemnusuru zamani, na Huria ndiye aliyewageuza wale ndugu na kumwamuru Adili awapige kila usiku.

Mama mmoja wa Homa Bay alituuliza kwa adabu: "Sheikh, kitabu chenye majini chawafaa watoto wetu wa kike?" Tulimjibu kwamba majini wapo, Qur'ani imetuambia, ila mambo wanayofanya kitabuni ni ya kubuni, na mtoto aambiwe hivyo waziwazi. Kisha tukamwambia aketi asikilize. Aliketi siku zote tatu, na siku ya mwisho alikuja na jirani zake.

Watoto wa huko si wageni wa hadithi za ajabu. Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la Simbi Nyaima. Wazee wa Kijaluo husimulia kuwa hapo palikuwa na kijiji. Bibi kizee mchovu akafika usiku watu wakiwa karamuni, wakamfukuza, akapokewa na mwanamke mmoja tu, na kijiji kikazama kwa maji. Tulipofika mahali ambapo Adili aingia katika mji ambao watu wake wamegeuka mawe, vijana walicheka, wakasema kwamba wao pia wana mji wao, ila wa kwao uko chini ya maji.

Kutoka Homa Bay tulipitia Rongo hadi Migori. Huko vijana walitueleza habari za Thimlich Ohinga, maboma ya mawe yaliyojengwa bila udongo wala saruji, jiwe likishikwa na jiwe, yakasimama kwa karne nyingi. Mwaka 2018 yaliandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia. Kijana mmoja alisema kuta zile zilijengwa ili adui asiingie wala mifugo isiibiwe. Binti mmoja akadakia: "Na kama adui yu ndani?" Wenzake walicheka. Sisi tulikumbuka methali ya wazee wetu, kikulacho ki nguoni mwako, na tukaona kwamba binti yule ameshakifahamu kitabu kuliko tulivyodhani.

Desturi yetu ni kuwaambia vijana waandike maswali kwenye karatasi bila majina. Siku ile ilikuwamo karatasi moja yenye maneno haya: "Adili alikuwa na mfalme wa kumwuliza. Asiyeulizwa na mtu afanyeje?"

Tuliisoma kimya, tukaikunja. Usiku hatukulala vizuri, na sababu yake tutaisema.

Zamani, hapa kwetu Pwani, alitujia mjane mwenye watoto wadogo. Alieleza kwamba shemeji yake ameshika hati za shamba la marehemu na hataki mirathi igawanywe. Tulimwambia astiri aibu ya nyumba, asubiri, mambo ya jamaa yasitolewe nje. Alisubiri. Shamba likauzwa, na wanawe wakakatishwa masomo. Mama yule alitujia akitaka haki, nasi tukamrudisha na sitara. Suratun-Nisaa yawaonya wanaokula mali ya mayatima kwamba wanakula moto. Aya hiyo tuliihifadhi tungali wadogo, na siku ile hatukuitumia. Twamwomba Mola atusamehe, na mama yule atusamehe.

Ndipo asubuhi tulipowafungulia vijana Suratu Yusuf, kwani nayo ni habari ya ndugu, wivu na siri. Mna siri mbili ndani yake. Ya kwanza ni ile Nabii Yaaqub aliyomwusia mwanawe, kwamba ndoto yake asiwasimulie nduguze. Ya pili ni ya wale ndugu, waliokuja na kanzu yenye damu ya uongo. Ya kwanza yamlinda asiye na nguvu, na ya pili yamlinda aliyedhulumu. Mwanangu, ukitaka kujua siri uliyonayo ni ipi, tazama inamlinda nani. Madeni ya baba, maradhi ya mama, upungufu wa chakula jikoni, hayo ni ya kustiriwa. Lakini mkono unaopiga, mkono unaogusa pasipo halali, na mkono unaokula mali ya yatima, haustahiki sitara. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humwumbua.

Tena, kusema kuna adabu yake. Ikibali hakuipeleka habari ya manyani sokoni wala barazani. Aliipeleka kwa mwenye uwezo wa kutengeneza. Leo wapo wanaotupa ya nyumbani kwenye makundi ya simu, yakawa kicheko cha mji, na aliyedhulumiwa akabaki palepale. Mtoto amwendee mama, bibi, shangazi, mwalimu au imamu anayemwamini. Na wa kwanza asipomsikiliza, kama sisi tulivyokosa kusikiliza, aende kwa wa pili. Ya mirathi yana Mahakama ya Kadhi. Na mtoto anayeumizwa aweza kupiga simu nambari 116, usiku au mchana, bila malipo.

Yupo atakayesema kwamba huku ni kuvunja udugu. Mtume, rehema na amani zimfikie, alitufunza kumsaidia ndugu dhalimu kwa kumzuia asidhulumu. Adili hakufurahia adhabu ya nduguze. Aliwalilia kila usiku. Lakini machozi yake hayakuwarudishia ubinadamu. Walirudi kuwa watu baada ya kweli kusemwa mbele ya Rai, naye mfalme akawaombea msamaha. Msamaha ulikuja nyuma ya kweli. Nasi mara nyingi twamlazimisha aliyeumizwa asamehe jambo ambalo bado hatujamruhusu alitaje.

Aliyeandika karatasi ile hatukumtafuta kwa mwandiko wake. Tulimjibu mbele ya wote: asiyeulizwa na mtu, aseme bila kungoja kuulizwa, na kosa la kutomwuliza ni letu wakubwa. Walimu wa kike wakakubaliana kwamba kila Ijumaa baada ya swala mmoja wao ataketi chini ya mwembe wa madrasa, na mtoto yeyote aweza kumwendea bila kuulizwa aendea nini.

Nasi huku Pwani twawaomba jambo jepesi. Kitafuteni kitabu hiki, mkisome pamoja baada ya Isha, kurasa chache kila usiku. Mkifika pale Rai anapomwuliza Adili, kifungeni kidogo, mama amtazame mwanawe na kumwuliza: je, lipo lolote lenye kukulemea? Akinyamaza, msimhimize. Mwulizeni tena juma lijalo.

Ewe Mola, zistiri nyumba zetu kwa heri, wala usiifanye sitara yetu kuwa pazia la dhulma. Amin.

Wabillahi tawfiq.