Baa ni ya Watu, si ya Viatu

Fundi mwashi anaposhuka jukwaani saa kumi na moja jioni, akanawa mikono kwa maji ya pipa na kubadili shati, huwa amestahili mapumziko yake kama mtu mwingine yeyote. Fedha anazo, kiu anayo, na rafiki wa kuzungumza naye yupo. Lakini zipo baa za Dar es Salaam, hasa zile za vioo na taa za rangi, ambazo hataruhusiwa kuingia. Bawabu atamtazama usoni mara moja na miguuni mara mbili, kisha atamwonyesha kibao: kandambili, kaptula na nguo za kazi haziruhusiwi. Huenda ukuta unaokishikilia kibao hicho aliujenga yeye mwenyewe.

Jambo hili laonekana dogo. Watakuwapo wa kusema kwamba taifa lina mambo makubwa ya kushughulikia kuliko bia ya fundi mwashi. Ni kweli. Hata hivyo, usawa wa binadamu haupimwi katika hotuba peke yake. Hupimwa mlangoni, katika foleni na mezani, pale mtu mmoja anapoambiwa "karibu" na mwenzake anapoambiwa "ngoja". Kwa hiyo haina budi kuuliza: sharti hili la mavazi limetoka wapi, nalo lamlinda nani?

Wenye baa hizo hudhani kwamba wanafuata ustaarabu wa miji mikubwa ya Ulaya. Hapo wamepotea njia. Huko Uingereza, ambako desturi hizi ziliigwa, pana mahali pa aina mbili pa kunywea. Pa kwanza ni klabu za mabwana, kama zile za mtaa wa Pall Mall, London. Humo haingii mtu isipokuwa mwanachama au mgeni wa mwanachama, na kwa muda mrefu koti na tai vilikuwa sharti. Pa pili ni pabu, na jina lake lenyewe maana yake ni nyumba ya umma. Zamani pabu nyingi zilikuwa na vyumba viwili: kimoja chenye zulia na bei ya juu kidogo, na kingine chenye mabenchi, ambamo mfanyakazi aliingia na buti zake. Baadaye, hasa tangu miaka ya 1960, kuta kati ya vyumba hivyo zilibomolewa katika pabu nyingi.

Mwaka 1946 mwandishi George Orwell aliandika katika gazeti la Evening Standard la London juu ya pabu ya ndoto zake, akaiita The Moon Under Water. Alitaja utulivu unaowezesha watu kuzungumza, wahudumu wanaowajua wateja wao, bia nzuri, na bustani ambamo familia zaweza kukaa. Mwisho alikiri kwamba mahali hapo hapakuwapo. Lakini katika sifa zote alizozidai, sharti la mavazi ya mteja halimo.

Wakoloni walipokuja Tanganyika waliiacha pabu kwao, wakaja na klabu. Klabu ya Dar es Salaam, iliyokuwa ufukweni Kivukoni, ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika aliingia humo kwa mlango wa jikoni, akiwa amevaa kanzu ya utumishi na kubeba sinia. Sheria ilimkataza kunywa pombe kali za Kizungu, na yeye na wenziwe wakaachiwa vilabu vya pombe ya kienyeji. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, ubaguzi wa rangi uliondoka mlangoni, lakini bawabu akabaki. Kazi yake ya kuchagua watu haikufutwa. Ilihamishwa tu kutoka kwenye ngozi ikapelekwa kwenye viatu. Na ikumbukwe kwamba Mwalimu Julius Nyerere na viongozi wengi wa miaka ya 1970 walivaa suti zisizo na tai. Kwa kipimo cha klabu za Pall Mall, hata wao wangeonekana hawakuvaa inavyostahili.

Wapo wanaodai kwamba mavazi ni sehemu ya heshima ya taifa, nao hukumbusha Operesheni Vijana. Ni kweli kwamba mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza kupiga marufuku sketi fupi, wigi, dawa za kubadili ngozi na suruali za kubana, amri ambayo ilianza kutumika Dar es Salaam tarehe 1 Januari 1969. Nia iliyotajwa ilikuwa kupinga kasumba ya kuiga wageni. Lakini hata kabla ya tarehe hiyo, magenge ya vijana huko Kariakoo yaliwavamia wasichana na kuwachania nguo hadharani. Fundisho lake halijachakaa. Mtu akishapewa mamlaka ya kupima mavazi ya wenzake, fimbo yake huwaangukia kwanza wanyonge. Siku hizo ilikuwa msichana mwenye sketi fupi. Leo mlangoni pa baa ni fundi mwenye kandambili.

Wapo pia wanaosema kwamba sharti la viatu huzuia fujo. Kila mhudumu wa baa aliyekaa kazini miezi sita ajua kwamba sivyo. Chupa hurushwa na mkono, wala hairushwi na kandambili, na mlevi mwenye viatu vya ngozi ana matusi yaleyale. Mwenye baa anayo haki ya kumkatalia mtu aliyelewa, mgomvi, au anayewasumbua wanawake. Anayo pia haki ya kudai usafi, kwani hakuna apendaye kuketi karibu na shati linalodondosha saruji. Lakini usafi ni jambo moja na daraja la mtu ni jambo jingine. Anayechanganya mambo hayo mawili hatafuti amani, anatafuta wateja wa kujionyesha.

Na bia yenyewe? Wanaokumbuka mwanzo wa miaka ya 1980 wajua jinsi ilivyokuwa adimu, hata mtu akashukuru kupata chupa moja ya moto. Uhaba huo umekwisha. Chupa ya Safari Lager inayofunguliwa chini ya taa za rangi ni ileile inayofunguliwa chini ya mwembe huko Temeke. Tofauti ya bei haimo ndani ya chupa, imo katika vioo na kibao cha mlangoni. Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kwa bahati nzuri, baa za watu zipo, nazo hazihitaji tangazo. Zimejaa Sinza, Mwananyamala, Buguruni na Tandika. Kadhalika, kumbi za Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, kama DDC Kariakoo, zilionyesha zamani kwamba karani, dereva na mchuuzi waweza kucheza muziki mmoja katika ukumbi mmoja. Anayetafuta baa njema atazame chini ya meza. Akiona buti, makubazi na viatu vya ofisini vimekaa pamoja, amefika. Asikilize kama muziki unawaachia watu nafasi ya kuzungumza. Atazame kama mhudumu anauliza "baridi au moto?", akaileta kama alivyoagizwa na kuifungua mbele ya mteja. Aangalie kama mwanamke aliyeketi peke yake anamaliza soda au bia yake bila kusumbuliwa. Achungulie choo na jiko la nyama. Hivyo ndivyo vipimo vya ustaarabu wa baa.

Hakuna anayesifu ulevi. Mshahara unaoishia kaunta ni chakula cha watoto kilichopotea, na baa njema ni ile ambayo mtu hunywa mbili, akazungumza, akaenda nyumbani kwa miguu yake. Lakini mazungumzo hayo yana thamani. Pale ndipo fundi humwambia karani bei ya saruji, naye karani humweleza fundi namna ya kudai mafao yake. Watu wasioketi pamoja hawajuani, na wasiojuana ni rahisi kudharauliana.

Wenye baa na wateondoe vibao vyao, wabakize sharti moja tu: kila aingiaye awe na adabu. Na wateja wenye viatu vizuri wana wajibu wao pia. Wanapomwona mwenzao akirudishwa mlangoni kwa sababu ya kandambili, nao wainuke wamfuate huko aendako. Huenda bia ya huko ikawa baridi zaidi.