Fukushima Haikuwa Kudra

Anayedai kwamba maafa ya Fukushima ya 2011 yalikuwa kudra tu, na kwamba wasimamizi wa nyuklia Japani hawana lawama, ameusahau mtambo wa nyuklia wa Onagawa. Mtambo huo ulikuwa karibu zaidi na kitovu cha tetemeko, ukafikiwa na tsunami ya mita 13 hivi, lakini vinu vyake vikazimika salama kwa kuwa ulijengwa mahali pa juu. Atajibu kwamba baada ya tukio kila mtu ni mjuzi. Hapana! Mwaka 2008 hesabu za TEPCO yenyewe, kampuni iliyouendesha mtambo wa Fukushima, zilionyesha kwamba maji yangeweza kufika mita 15.7 pale Fukushima, lakini ukuta wa kuzuia bahari haukuinuliwa. Mamlaka mpya ya usimamizi wa nyuklia, iliyoundwa baada ya maafa hayo, ina meno, nakiri: mwaka 2024 ilikinyima kinu cha Tsuruga namba 2 idhini ya kuwashwa tena kwa hofu ya ufa hai wa tetemeko chini yake. Meno hayo yalihitajika 2008.