Kutoa Ni Moyo: Mbona Tunachanga Pesa na Kuogopa Figo?

Wahenga walinena kuwa kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii tumeiandikia insha tangu shule ya msingi na wengi wetu tukatuzwa alama za juu. Lakini, wasomaji wapenzi, mwaka jana methali hiyo iliingia nyumbani kwetu bila hata kubisha hodi. Hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nikiiandika tu, sikuwa nikiielewa.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ni fundi wa baiskeli. Ugonjwa wake ulianza kwa kuvimba miguu. Watu wakasema ni kwa sababu ya kusimama kutwa. Akawa anachoka na kutapika asubuhi, wakasema ni malaria. Wengine wakanong'ona ati amerogwa na fundi mwenzake wa hapo sokoni. Kumbe wapi! Alipofikishwa hospitalini, ilibainika kwamba alikuwa na presha kwa miaka mingi bila kujua, na kwamba figo zake zote mbili zilikuwa zimeshindwa na kazi.

Hebu niwakumbushe tuliyofunzwa katika Bayolojia. Figo ni kiungo kidogo, ukubwa wake kama ngumi yako. Hata hivyo, figo mbili huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu kila siku, kisha zikarudisha karibu yote mwilini. Kinachobaki, kama lita moja na nusu hivi, ndicho mkojo. Figo zikilala, uchafu, chumvi na maji hubaki ndani. Mtu huvimba, pumzi hukatika, na moyo wenyewe waweza kusimama.

Tangu wakati huo mjomba huoshwa damu kwa mashine kila Jumanne na Ijumaa, kwa muda wa saa nne kila mara. Mashine hii si jambo geni duniani. Daktari Willem Kolff wa Uholanzi aliiunda wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na mnamo 1945 ikamwokoa mgonjwa wa kwanza. Hapa kwetu bima ya SHA, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, husaidia kulipia huduma hiyo. Lakini nauli je? Na siku mbili za kazi zinazopotea kila wiki? Mjomba aliyezoea kufanya kazi juani sasa anapimiwa maji ya kunywa kwa kikombe. Ndizi na maharagwe anavila kwa hesabu. Mashine inamweka hai, ndiyo, lakini haimponyi.

Daktari akatuambia kwamba njia iliyo bora ni kupandikizwa figo nyingine. Huduma hiyo ipo hapa nchini, hata katika hospitali za umma kama Kenyatta kule Nairobi na ile ya Rufaa na Mafunzo ya Moi kule Eldoret. Lakini figo hainunuliwi dukani. Hapa kwetu hutolewa hasa na jamaa wa mgonjwa aliye hai na mwenye afya njema.

Basi ukoo ukaitwa mkutano siku ya Jumapili. Mimi ndimi niliyepewa daftari niandike. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa michango ya pesa. Jameni, watu walitoa! Huyu elfu mbili, yule mbuzi, mwingine akaahidi mahindi gunia mbili. Ukurasa ukajaa hadi nikaandika pembeni. Kisha babu akasema, "Sasa fungua ukurasa mwingine, uandike majina ya wale watakaokwenda kupimwa figo."

Nyumba nzima ikawa kimya kama maji mtungini. Mmoja akatoka nje kupokea simu ambayo wala haikulia. Mwingine akakumbuka ng'ombe wake hawajanyweshwa. Mama yangu alikuwa wa kwanza kujitolea, lakini yeye ana ugonjwa wa sukari na tulijua atakataliwa. Nikakaa na kalamu mkononi, ukurasa mweupe pe!

Nitasema ukweli, maana penye ukweli uongo hujitenga. Nami niliuliza, "Na mimi je?" Nikaambiwa sijatimiza umri wa miaka kumi na minane. Nilijifanya kusikitika, lakini moyoni nilishukuru Mungu. Kwa hivyo siandiki makala haya kuwasuta wale walionyamaza. Niliogopa kama wao. Ninaandika kwa sababu baadaye niligundua kwamba tulikuwa tukiogopa mambo ambayo mengi yake si ya kweli.

Wapo wanaosema kwamba anayetoa figo hafiki mbali. Basi msikilizeni Ronald Herrick wa Marekani. Tarehe 23 Desemba 1954, katika mji wa Boston, Daktari Joseph Murray na wenzake walimtoa figo moja wakampa pacha wake Richard aliyekuwa mahututi. Hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kazi hii kufaulu vyema. Richard aliishi miaka minane zaidi, akaoa na kupata watoto. Ronald, aliyebaki na figo moja, alifariki mwaka wa 2010 akiwa na umri wa miaka 79. Naye Murray alipata Tuzo ya Nobel mnamo 1990.

Wengine hudai kwamba mwanamume akitoa figo hataweza kazi za nyumbani, na mwanamke hatazaa tena. Nani aliwaambia figo ndiyo inayozalisha? Figo inayobaki hukua kidogo na kuchukua kazi ya mwenzake. Wanawake waliotoa figo huzaa, ila wanapokuwa wajawazito yafaa daktari awachunge kwa makini zaidi.

Sisemi kwamba hakuna hatari. Upasuaji ni upasuaji. Uchunguzi uliofanywa Marekani ulionyesha kwamba katika kila watu 10,000 waliotoa figo, kama watatu hivi walifariki katika miezi mitatu ya kwanza. Anayetoa anapaswa kupimwa presha na mkojo maisha yake yote. Naye anayepokea humeza dawa kila siku ili mwili usiikatae figo ngeni, na figo hiyo yenyewe haidumu milele. Haya yote yasemwe waziwazi. Mtu mzima akielezwa kweli tupu ataamua mwenyewe. Akielezwa porojo, porojo ndizo zitakazomwamulia.

Jambo jingine ambalo ukoo wetu haukulijua ni kwamba kupimwa si kukubali kukatwa. Unaweza kupimwa, ukafikiri, kisha ukasema hapana. Madaktari wema humhoji mtu peke yake, mbali na jamaa, na akikataa wanamlindia siri yake. Hii ni haki. Figo iliyotolewa kwa vitisho vya wazee si zawadi, ni wizi wa mchana.

Vilevile sikubaliani na wale wanaosema, "Si mtafute kijana maskini mumlipe?" Kuuza figo ni kosa kisheria hapa Kenya, na ni aibu pia. Mwaka wa 2025 Wizara ya Afya iliunda kamati ya kuchunguza tuhuma za biashara hiyo nchini. Kijana wa watu hurudi kwao na kovu na pesa zilizokwisha mwezi huohuo, na hakuna wa kumpima presha. Lakini tujiulize, biashara hii inatafuta wateja wapi? Si katika nyumba kama zetu, ambamo ukurasa wa pili wa daftari umebaki mtupu?

Mwishowe ukurasa wetu haukubaki mtupu. Mama mdogo, kitinda mimba wa nyumba yao, aliomba daftari akaandika jina lake mwenyewe. Wakwe zake walinuna. Alipopimwa, akaambiwa hafai. Kwa nini? Naye alikuwa na presha, kama kaka yake, na hakuwa na habari! Leo anameza dawa na figo zake bado ni nzima. Alikwenda kumwokoa kaka, akajiokoa mwenyewe. Baada yake, mwana wa kwanza wa mjomba, mwenye umri wa miaka 24, naye akaenda. Damu yao imeoana. Hadi ninapoandika haya angali anaendelea na vipimo, na mjomba angali anapanda matatu kila Jumanne na Ijumaa. Sijui itakuwaje. Najua tu kwamba tulipoteza miezi sita mizima tukiogopana.

Sasa, wanafunzi wenzangu, mtaniuliza haya yanatuhusu nini sisi wa kupigiwa kengele. Yanatuhusu sana. Kwanza, presha na sukari ndizo zinazoongoza kwa kuharibu mafigo, nayo presha haipigi hodi. Likizo hii waulizeni wazazi wenu walipimwa lini mara ya mwisho. Pili, tuache tabia ya kumeza vidonge vya maumivu vya kununua kiholela kila tunapoumwa kichwa au mgongo. Baadhi yavyo, vikizoewa, huumiza figo. Tatu, wengi wetu tutatimiza miaka kumi na minane kabla au punde baada ya mtihani wa mwisho. Mazungumzo haya yaanze sasa, mezani, wakati kila mtu ni mzima, yasingoje siku ya mkutano wa ukoo.

Nakiomba chama chetu cha Kiswahili kiandae mjadala muhula ujao juu ya jambo hili, na muuguzi aalikwe atujibu maswali. Nitakuwa upande wa kuunga mkono, na atakayenipinga namkaribisha kwa mikono miwili.

Kutoa ni moyo, ni kweli. Lakini moyo wenye giza hauoni pa kutolea. Tuuwashie taa kwanza.

Mwandishi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu na mwanachama wa Chama cha Kiswahili.